Ghala na zizi la zamani kuwa kituo cha wageni: tuanzie wapi, tubadilishe kiasi gani?

SWALI: Kikundi chetu kimekabidhiwa majengo matatu ya zamani huko mashambani: nyumba ya mawe yenye ghorofa moja juu, ghala refu la nafaka, na zizi la ng'ombe lililoungana na ghala, lenye sakafu ya mawe na mfereji katikati. Tunataka pawe kituo cha kisasa cha kupokea wageni: mapokezi, maonyesho, ukumbi mdogo, mkahawa na vyoo. Msanifu ametuletea michoro. Anataka kupiga plasta ya saruji ndani na nje, kuvunja ukuta kati ya ghala na zizi, kuweka lifti ndani ya nyumba, na kulifungua paa la ghala kwa vioo. Baadhi yetu wameipenda, wengine wanaiogopa. Tuanzie wapi, na tubadilishe kiasi gani?

JIBU: Ndugu, asanteni kwa kueleza hali ya majengo kwa kina, imenirahisishia kazi. Nitoe jibu kwanza, sababu zifuate. Ichukueni michoro hiyo kama orodha ya mahitaji, msiichukue kama mpango wa ujenzi. Mahitaji yenu yote ni halali. Tatizo ni kwamba msanifu ameanza na vyumba anavyovitaka, kisha akayalazimisha majengo yavitoe. Kwa majengo ya umri huo kazi hufanywa kinyume chake. Mnaanza na kilichopo, mnauliza kila chumba kinaweza kubeba shughuli gani bila kuumizwa, na shughuli itakayokosa chumba inajengewa kijumba kipya pembeni. Shughuli zifuate majengo. Mkikubaliana juu ya hilo, nusu ya mabishano yenu yatakwisha yenyewe.

Tugawe basi. Ghala ni chumba kimoja kirefu kisicho na vizuizi. Panafaa maonyesho na mikutano, maana vyote viwili vinataka nafasi tupu, na nafasi tupu ndiyo mali ya ghala. Nyumba ina vyumba vidogo: mapokezi yawe chini, ofisi na hifadhi ya kumbukumbu ziwe juu. Zizi lenye sakafu ya mawe litapokea meza za mkahawa bila shida. Lakini jiko la mkahawa na vyoo msiviingize katika jengo lolote kati ya hayo matatu. Hivyo ndivyo vinavyochimba sakafu, kutoboa misingi kwa mabomba ya maji taka, kutoa mvuke mchana kutwa na kudai feni ya kutolea hewa kwenye paa. Bomba likivuja ndani ya ukuta wa mawe, mtalijua siku ukuta wenyewe umeshaloa. Jengeni banda jepesi la kisasa nyuma ya zizi, lililo chini kuliko ukingo wa paa la zamani, na humo mweke vyoo, jiko, mitambo ya umeme na tangi la maji moto. Kabla hata ya hapo, ichunguzeni ardhi ya kupokea maji taka. Shimo lililotosha familia moja halitapokea basi la wageni 50, na mahali pasipo na mtandao wa mabomba ya maji taka ni jambo hili, kuliko uzuri wa michoro, ndilo litakaloamua mnaweza kupokea wageni wangapi kwa siku.

Sasa tuanzie wapi. Anzeni na maji ya mvua. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 30 linamwaga lita 6,000 za maji, na maji hayo yote yanakwenda mahali fulani. Nendeni mkasimame pale mvua ikiwa inanyesha. Angalieni mfereji wa paa uliopasuka, bomba la kushushia maji linalomwagia kwenye kona ya msingi, na udongo uliorundikana nje ya ukuta mwaka baada ya mwaka mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Hilo la mwisho ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na dawa yake ni majembe: ondoeni udongo ule, uteremke angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na wekeni mtaro wa kokoto unaopeleka maji mbali. Kabla ya kuchimba mwulizeni mhandisi kina cha msingi, maana kuta nyingi za mashambani zimekaa juu ya msingi mfupi sana. Mkimaliza, uacheni ukuta ukauke. Ukuta mnene wa mawe huchukua miezi mingi, na mkiupiga plasta kabla haujakauka, fedha ya plasta imepotea.

Wakati ukuta unakauka, pimeni nyufa. Si kila ufa ni ugonjwa. Nyingine zilikwisha kutulia zamani. Njia rahisi ni kubandika kipande chembamba cha jasi kinachovuka ufa, pande zote mbili, na kuandika tarehe juu yake kwa penseli. Kikipasuka, ukuta bado unatembea na mhandisi wa miundo aitwe. Kikipita majira yote ya mwaka kikiwa kizima, ufa huo unajazwa tu. Nimeona majengo yakifungwa vyuma na kumiminiwa zege kwa sababu ya nyufa ambazo hazikuwa zimesogea hata kidogo.

Nakuja kwenye saruji, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa ndilo kosa linaloharibu majengo mengi ya mawe kuliko uzee. Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824, Uingereza, na ilichukua miongo mingi kufika mashambani. Kuta za kale zilijengwa kwa chokaa au udongo, na zinafanya kazi kwa kanuni tofauti kabisa. Ukuta wa mawe haujazuia maji kamwe. Unayapokea kidogo mvua inaponyesha, kisha unayarudisha hewani kupitia mota laini ya chokaa iliyo kati ya mawe. Ukiufunika kwa saruji, maji bado yanaingia, kwa ufa mwembamba wa plasta au kutoka ardhini, lakini hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanaoza vichwa vya boriti zilizopachikwa ukutani, na yanabeba chumvi.

Mnaweza kuliona hili kwa macho yenu leo. Tafuteni ukuta uliowahi kuzibwa viraka vya saruji. Ugongeni kwa kifundo cha kidole: penye plasta iliyoachia utasikia mlio wa utupu. Angalieni usawa wa kiuno, mara nyingi kuna mstari wa unga mweupe. Huo ni chumvi iliyopanda na maji kisha ikaganda pale maji yalipokauka. Fuwele zake zikikua ndani ya jiwe hulimenya ngozi. Sasa tazameni viungo vilivyojazwa saruji katikati ya mawe. Utakuta saruji imesimama imara na jiwe lililo pembeni yake limelika, limeingia ndani. Mambo yamegeuka: mota ilipaswa iwe dhaifu kuliko jiwe ili iliwe badala yake, kwani mota hubadilishwa lakini jiwe lililokwisha kulika halirudi.

Kwa hiyo chokaa. Mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, yakatoa hewa ya ukaa. Yakizimwa kwa maji yanakuwa uji mzito. Na uji huo ukipakwa ukutani unaivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe taratibu. Taratibu ndiyo sharti lenyewe. Plasta ya chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba, kama milimita 10 kila moja, na kila tabaka hufunikwa magunia yaliyoloweshwa ili jua na upepo visiikaushe kabla haijashika. Fundi aliyezoea saruji atataka kumaliza ukuta kwa siku mbili. Msimkubalie. Mpeni kwanza mita mbili za mraba nyuma ya zizi, zikae mwezi, mzikague. Akifaulu ndipo mmpe ukuta mzima. Rangi nayo iwe ya chokaa, kwani rangi ya plastiki juu ya plasta ya chokaa inarudisha tatizo lile lile mlilolifukuza.

Kuhusu ukuta wa kati ya ghala na zizi, nasema usivunjwe. Sababu ya kwanza ni ya kihandisi: ukuta wa kukingama kama ule mara nyingi ndio unaozizuia kuta ndefu zisisukumwe nje na uzito wa kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Sababu ya pili ni ya wageni wenu wenyewe. Mtu anapovuka kutoka chumba kirefu chenye mwanga hafifu na kuingia chumba kifupi chenye dari ya chini, anaelewa kwa mwili wake kwamba hapa palikuwa pa nafaka na pale palikuwa pa wanyama. Mkivunja mtapata ukumbi mmoja mkubwa unaofanana na ukumbi wowote, na mtalazimika kuandika kwenye bango kile ambacho ukuta ulikuwa unakisema. Tafuteni mlango wa zamani uliozibwa. Katika majengo ya aina hii huwa upo, na huonekana kwa mshono wa mawe uliosimama wima. Ufungueni huo.

Mkiwa kwenye mlango wa zizi, pitisheni kiganja kwenye jiwe la pembeni, usawa wa ubavu wa ng'ombe. Kama zizi lilitumika miaka mingi, jiwe pale ni laini na linang'aa, wakati lile lililo juu yake bado lina alama za patasi. Yaliyolisugua ni miili ya wanyama waliopita pale asubuhi na jioni. Hicho ni kionyesho ambacho hakuna fedha inayoweza kukinunua, na mashine ya kupuliza mchanga inakifuta kwa dakika moja. Vivyo hivyo mikwaruzo ya kuhesabia magunia kwenye ukuta wa ghala, masizi juu ya meko, na makovu ya kamba kwenye nguzo. Kabla fundi yeyote hajaingia, pigeni picha kila ukuta, kisha waiteni wazee waliowahi kufanya kazi mahali hapo watembee nanyi chumba kwa chumba huku mkiwarekodi. Msiwahoji wakiwa wamekaa kwenye kiti. Mtu akisimama pale alipokuwa akisimama ujanani, kumbukumbu zinamjia zenyewe.

Kanuni zinazoongoza haya si maoni yangu tu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unakubali kwamba jengo la kale likipewa kazi yenye manufaa kwa jamii ni rahisi zaidi kulihifadhi, hivyo wale wanaoogopa mabadiliko yoyote wasiwe na hofu. Lakini mkataba huo huo unataka mpangilio wa jengo usibadilishwe kwa ajili ya kazi hiyo, unasema urejeshaji ukome pale dhana inapoanza, na unataka kipande kipya kilingane na jengo huku kikitofautika na cha zamani. Mkataba wa Burra, uliopitishwa Australia mwaka 1979, unaongeza la kiutendaji: badilisha kadiri inavyolazimu, na kidogo kadiri inavyowezekana. Mimi huongeza swali moja kwa kila pendekezo: miaka 30 ijayo, mwingine akitaka kukiondoa hiki, ataacha jeraha gani?

Mfano bora ninaoujua wa swali hilo kujibiwa vizuri uko Hamar, Norway. Pale ghala la shamba lilikuwa limejengwa juu ya magofu ya ngome ya askofu ya Enzi za Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 msanifu Sverre Fehn, ambaye baadaye, mwaka 1997, alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, alianza kuligeuza kuwa jumba la makumbusho. Hakulisafisha gofu wala kulikamilisha. Alipitisha njia ya zege iliyoinuliwa juu ya magofu, ndani na nje, ili mgeni atembee juu ya historia bila kuikanyaga. Penye tundu la ukuta lililobomoka hakuzinyoosha kingo ili lipate fremu ya dirisha. Aliweka kioo kikubwa bapa kwa nje, na kingo zilizomomonyoka zinaonekana kama zilivyo. Kipya ni kipya waziwazi, cha zamani ni cha zamani. Mgeni wa leo anaona mahali pa kisasa kabisa, na gofu halijapoteza kitu.

Fundisho hilo ndilo linalojibu suala la paa la vioo. Mnachotafuta ni mwanga, lakini kioo juu ya ghala kinaleta joto kali, mng'ao unaoumiza macho na mwanga unaoharibu vitu. Nguo na karatasi za kale zinatakiwa zipate mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), ambao ni hafifu kweli. Yaacheni mapaa yalivyo. Wekeni vioo kwa ndani kwenye yale matundu membamba ya hewa, mengine yaweze kufunguliwa. Mtu mzima aliyetulia hutoa takriban gramu 50 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na ngozi. Wageni 50 ni lita mbili na nusu kila saa ndani ya chumba hicho. Ghala lilijengwa lipitishe hewa ili nafaka isiote ukungu, na mfumo huo huo utawafaa wageni. Mkiziba kila tundu kisha mkafunga viyoyozi, mmenunua tatizo na bili yake. Mkumbuke pia kuangalia popo na bundi kabla ya kugusa kenchi. Katika nchi nyingi, zikiwemo Uingereza na zile za Umoja wa Ulaya, popo na mahali wanapolala hulindwa kisheria, na ratiba ya kazi hupangwa kulingana na msimu wao wa kuzaa.

Lifti ndani ya nyumba nayo inatokana na nia njema, ila si jibu sahihi. Shimo lake litakata sakafu mbili na kula chumba kizima. Kanuni ninayoitumia ni kwamba kila kitu muhimu kwa mgeni kiwe chini: mapokezi, maonyesho yote, mkahawa, vyoo. Juu pabaki ofisi. Lakini mkikumbuka kwamba wafanyakazi nao wanaweza kuwa na ulemavu, wekeni angalau dawati moja la ofisi na chumba kidogo cha mikutano chini pia. Ngazi ya mlangoni mnaipita hivi: kipimo cha kawaida cha mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 45 kinahitaji mteremko wa mita 5.4 wenye reli pande zote. Mkiwa na uwanja wa kutosha, na mashambani kwa kawaida upo, inueni njia yenyewe polepole kwa 1 kwa 20, mita 9. Hapo hapatakuwa na kitu kinachoonekana kama nyongeza ya walemavu. Kila mgeni atapita njia moja. Milango yenye upana wazi wa sentimita 90 inatosha, na milango ya ghala na zizi kwa kawaida inazidi hapo.

Sakafu ya juu ya nyumba ipimwe kabla hamjapeleka makabati. Sakafu ya makazi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, sehemu za mikusanyiko hufika 400 au 500, na rafu zilizojaa karatasi zinaweza kuzidi. Boriti zichomwe kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, maana kuoza huanzia hapo. Kichwa kilichooza hukatwa na kuungwa mbao mpya ya aina ile ile. Boriti nzima haina haja ya kutolewa.

Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba ya chuma yaliyopangwa kwa ustadi, zisichimbiwe kwenye mawe. Na kuhusu moto niwatajie tukio moja, kwa sababu hatari kubwa huja wakati wa ukarabati wenyewe. Uppark ni nyumba kubwa ya mashambani huko West Sussex, Uingereza. Agosti 1989, matengenezo ya paa yakiwa karibu kumalizika, mafundi waliokuwa wakitumia moto kwenye bati la madini ya risasi waliwasha moto ulioiteketeza nyumba, ikabaki kuta na sehemu ya vyumba vya chini. Ilichukua miaka 6 kuirudisha, ikafunguliwa tena 1995. Andikeni katika mkataba: hakuna kazi ya moto wala kuchomelea bila kibali cha siku hiyo, kazi hiyo ikome mapema alasiri, na mtu mmoja abaki akilinda saa nzima au zaidi baada ya moto kuzimwa.

Fedha. Tengeni asilimia 20 ya gharama kwa yasiyojulikana. Ukuta wa kale ukifunguliwa hutoa habari zake, na jengo jipya halina habari hizo. Fungueni kwa awamu, ghala kwanza, na mwendeshe msimu mzima kwa vyoo vya muda na meza za chai kabla ya kujenga mkahawa. Idadi ya wageni inayokadiriwa mezani huwa kubwa kuliko ile inayofika. Earth Centre karibu na Doncaster, Uingereza, kituo kilichojengwa kwa fedha nyingi kwenye eneo la migodi ya zamani, kilifunguliwa mwaka 1999 na kufungwa mwaka 2004, kwa sababu wageni hawakufika kwa wingi uliotarajiwa. Kituo kidogo kinachojilipia kitayatunza majengo yenu muda mrefu kuliko kikubwa kinachodaiwa.

Msimfukuze msanifu kabla ya kuzungumza naye. Mpelekeeni mgawanyo wa vyumba nilioueleza na mwulizeni mambo matatu: amewahi kusimamia kazi ya chokaa wapi, tukaione; mfumo wa kenchi unasukuma kuta kwa kiasi gani, na nani amepiga hesabu; na kila kitu kipya anachopendekeza kitaondolewaje siku moja. Akijibu kwa hamu, mmempata mtu. Akisema saruji ni imara zaidi na chokaa ni mambo ya zamani, tafuteni mwingine. Kwa vyovyote, mkataba wa kwanza mtakaosaini usiwe wa kituo. Uwe wa upimaji kamili wa majengo, ukarabati wa mapaa na mifereji yake, na kuondoa udongo uliorundikana kwenye kuta, na uishe kabla ya msimu ujao wa mvua.